Marehemu Lu Tsui-guan na Stika ya Pipa la Tatu

“Maji haya ni ya kunyonyolea bata, si ya kumwogeshea mtoto!” mkunga alifoka.

“Mimi nimezaa saba,” alijibu mama mkwe wa mzazi, beseni kaling’ang’ania, “na wote nimewaogesha kwa maji ya namna hii hii.”

“Saba, sawa. Na wangapi wana nywele?”

Wakiwa bado wanavutana beseni, mtoto akachoka kusubiri, akatoka mwenyewe. Ndivyo alivyozaliwa marehemu Lu Tsui-guan, Jumatatu tarehe 9 Agosti 1948, saa sita na robo mchana, huko Linyuan, kusini mwa Kaohsiung, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Lu Hok-tsai, mkulima wa viazi vitamu, na Bibi Ong Gueh. Joto la siku hiyo wazee wa Linyuan hawajalisahau. Bata walikataa kuingia bwawani kwa kuogopa kuiva, na kuku wa jirani alitaga yai likaliwa pale pale bila kupitishwa jikoni. Tena ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, milango ya kuzimu iko wazi na wafu wako matembezini, kwa hiyo watu walisema mtoto huyu kaingia duniani katika msafara huo, na ndiyo sababu hajui kukaa. Mpiga ramli alihesabu saa na siku yake, akaona moto mwingi na maji hata tone hakuna. Akaamuru aitwe Tsui-guan, chemchemi ya maji, ili apoe. Hakupoa. Alipoanza kutambaa mama yake alimfunga kwa kitambaa kwenye mguu wa meza, akaenda kisimani. Aliporudi, meza ilipatikana kwa jirani.

Marehemu alianza shule ya msingi Linyuan mwaka 1955, akamaliza 1961, na baada ya miaka mitatu ya sekondari akaingia shule ya ufundi mjini Kaohsiung, fani ya umeme, mwaka 1964. Walimu wake hawakumwita mjinga hata mara moja. Waliita wenzao waje wamshike. Shule ilikuwa na sanduku kubwa la mvuke la kupashia vyakula vya mchana, na kila mwanafunzi huweka kibati chake cha chakula humo asubuhi. Tsui-guan aliiba kipimajoto cha maabara, akapima rafu zote saba mbele na nyuma, akagundua kwamba rafu ya tatu pembeni kulia hupata moto kuliko zote na rafu ya chini mbele haipati kitu. Kuanzia siku hiyo vibati vya rafiki zake vilikaa rafu ya tatu. Cha mkuu wa shule kilihamia chini. Mkuu wa shule alikula wali wa baridi wiki tatu, akidhani ni uzee unamjia mdomoni. Alipogundua, alimpa adhabu ya kukaa kitini saa nzima akitazama ukuta. Mtoto alilia. “Mwalimu,” alisema, “nipige tu, yaishe.”

Mwaka 1967 aliajiriwa katika kinu cha sukari, chumba cha vipimo, chini ya fundi mkuu Iap Kun. Toka hapo, ukiondoa miaka miwili ya jeshi kisiwani Kinmen (1969 hadi 1971), hakufanya kazi nyingine maishani mwake. Kazi yenyewe, kwa wale ambao wamemjua miaka yote na bado walikuwa wakisema “anauza vipimajoto”, ilikuwa hivi. Kila kiwanda kina mabomba, matanuri na matangi, na kila kimoja kina kipimajoto kinachomwambia mwenye kiwanda joto ni kiasi gani ndani. Kipimajoto nacho huzeeka kama mtu. Polepole huanza kusema uongo bila kukusudia. Basi anakuja mtu na sanduku la bati. Anakichomoa, anakitia kwenye chupa iliyojaa barafu inayoyeyuka, mahali ambapo lazima kiseme sifuri. Kisha anakitia kwenye jiko dogo la umeme na kukilinganisha na kipimajoto mama alichokuja nacho. Kikikosea, anazungusha skrubu mpaka kiseme kweli. Halafu anabandika stika yenye tarehe na muhuri wake mwekundu, na kuanzia hapo watu wanakula, wanavaa na wanalala kwa kuamini muhuri ule.

Kazi hiyo ilimfaa kwa sababu kila siku alikuwa mahali pengine. Ilimtesa kwa sababu kila alipofika alitakiwa kusubiri. Kipimajoto hakisomwi kikiwa bado kinapanda au kushuka. Ni dakika ishirini, wakati mwingine nusu saa, umetulia tuli unatazama sindano nayo inatulia. Fundi Iap alikuwa akimkalisha kwenye kigoda na bakuli la maji limejaa pomoni magotini.

“Likimwagika, unaanza upya.”

“Fundi, sindano ndiyo haitulii.”

“Sindano haitulii kwa sababu inakuogopa wewe. Kaa!”

Wafanyakazi wa kinu walisema suruali za Tsui-guan zilikuwa zimelowa toka Machi mpaka Oktoba. Lakini alijifunza. Mwaka 1976 aliacha kinu, akanunua pikipiki, akafunga sanduku nyuma, akaanza kuzunguka mwenyewe toka Linyuan hadi Pingtung. Ndani ya miaka mitano viwanda sitini na viwili vilikuwa na muhuri wake ukutani.

Miaka mitatu kabla ya pikipiki hiyo alikuwa amemwoa Khoo Tsiu-kiok, ambaye wote tunamwita A-kiok, binti wa muuza uji wa samaki aitwaye mwatiko katika soko la Tungkang. Watu huuliza walikutanaje. Walikutana kwa matusi. Tsui-guan alikaa mezani kwa A-kiok asubuhi moja, akatoa kipimajoto mfukoni, akakichomeka kwenye bakuli la uji mbele ya wateja wote.

“Digrii themanini na tatu,” alitangaza. “Uji mzuri hautakiwi kuzidi sabini.”

“Na mkono wangu una vidole vitano,” alisema A-kiok, “unataka uvihesabu kwa shavu?”

Alirudi kesho yake. Akarudi na keshokutwa. Siku ya tisa A-kiok alimpoozea uji kabla hajakaa, na mama yake msichana akajua kwamba binti ameondoka. Harusi ilikuwa Jumapili tarehe 18 Novemba 1973. Bwana harusi aliinuka kitini mara kumi na nne wakati wa kula. Shangazi zake walihesabu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Shu-ping mwaka 1975 na Wen-pin mwaka 1978.

Sasa, yapo mambo ambayo katika wasifu hurukwa, na Wen-pin ameomba kwa heshima zote hili lirukwe. Halirukwi. Marehemu mwenyewe hakuliruka siku hata moja.

Mwezi Agosti 1982, mwezi wa saba wa wafu tena, kimbunga kilipiga Kaohsiung siku mbili mfululizo. Barabara zilibaki mashimo matupu. Jumatatu tarehe 23 pikipiki iliingia shimo moja pale Hsiaokang, na kipimajoto mama, cha kioo, kirefu kama mkono, kilichokuwa kikipelekwa mji mkuu kila mwaka kupimwa chenyewe, kikavunjika vipande vitatu. Mtu mwingine angekaa nyumbani wiki moja. Jumanne asubuhi Tsui-guan alikuwa barabarani.

“Utapima kwa nini sasa?” mkewe alimuuliza mlangoni. “Kwa pua?”

“Barafu. Barafu haihitaji cheti. Barafu ni sifuri toka dunia iumbwe.”

Hilo lilikuwa neno lake alilolipenda, na ni neno la kweli kama barafu ni ya maji matupu. Lakini umeme ulikuwa umekatika na kiwanda cha barafu safi kimefungwa. Penye barafu mji mzima palikuwa bandari ya samaki tu, kwa sababu wao wana jenereta. Akaenda akajaziwa chupa pale, toka kwenye mashua iliyokuwa imetoka kupakua. Hakuuliza ililala na nini.

Kiwanda cha kwanza siku hiyo kilikuwa cha makopo ya samaki cha Bwana Kang Ban-lai. Pale vibua hutiwa kwenye makopo na mchuzi wa nyanya, makopo yakazibwa, kisha yakapikwa ndani ya mapipa makubwa ya chuma kwa mvuke wa digrii mia moja ishirini na moja. Na lazima iwe hiyo. Samaki wa kopo asipoiva sawasawa hubaki na kijidudu kisicho na harufu wala ladha. Mtu anakula, anasifu mchuzi, na siku ya pili hawezi kufumbua macho. Ya tatu hapumui. Kiwanda cha Kang, kwa jenereta yake chenyewe, kilikuwa kinafanya kazi kwa mbio, kwa sababu katikati ya mwezi wa saba kila nyumba huandaa meza ya kuwalisha wafu wasio na ndugu, na juu ya kila meza hukosi mnara wa makopo. Wafu wakishashiba harufu, walio hai hula kilichobaki.

Tsui-guan alipima pipa la tatu. Alitia kipimajoto kwenye barafu yake, kikasema digrii moja na nusu chini ya sifuri. Angechemsha sufuria ya maji tu, akakitia humo, angejua ni nani mwongo kati ya chombo na barafu. Lakini Kang alikuwa amesimama mlangoni anagonga saa yake ya mkononi kwa kidole, na Tsui-guan mwenyewe miguu ilikuwa inamwasha kufika kiwanda cha pili. Akazungusha skrubu. Akabandika stika. Akapiga muhuri. Kisha akaenda kufanya vivyo hivyo kwenye kiwanda cha tambi, cha mchuzi wa soya, cha rangi, na kwa wafua mashuka wa hoteli.

Saa kumi na moja jioni alikuwa nyumbani. Joto lilikuwa kali, A-kiok akamkamulia maji ya miwa, na kwa kuwa barafu haikupatikana popote, akafungua ile chupa ya kazini akachota vipande vilivyobaki, akamtilia.

Marehemu akanywa funda moja. Akatema.

“Umetia chumvi kwenye miwa?”

“Mimi? Mimi nitie chumvi kwenye miwa? Mwulize mama yako ndiye aliyekulisha chumvi ukiwa tumboni ukatoka na kichwa hicho!”

“Onja.”

“Sionji. Nimekamua kwa mikono yangu, halafu—”

“A-kiok, nakuomba. Onja.”

Alionja. Kisha akachukua kipande cha barafu kitupu akakilamba. Akamtazama mumewe, na mumewe alikuwa amekwisha kuvaa helmeti.

Barafu yenye chumvi huwa baridi kuliko sifuri. Yeye kaiita sifuri. Kazungusha skrubu za watu mpaka vyombo vyao vikaafikiana na uongo wake, na toka asubuhi ile pipa la Kang lilipokuwa likisema mia ishirini na moja, ndani halikufika mia ishirini.

Alifika kiwandani mvua imeanza tena. Malori mawili yalikuwa yamejaa, la tatu linapakiwa. Kang alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

“Digrii moja na nusu! Fundi Lu, mke wangu akikasirika hupanda zaidi ya hapo, na hakuna aliyekufa.”

“Kaka Kang, mke wako haliwi.”

“Karatasi yangu ya mashine hii hapa. Soma. Mia ishirini na moja, mia ishirini na moja, siku nzima.”

“Inasema nilichoifundisha kusema.”

Hapo Kang akaacha kucheka. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, kiwanda alikirithi kwa baba yake mwaka ule ule, na wafanyakazi walikuwa wamekusanyika kusikiliza. “Basi nisikilize na wewe,” akasema. “Stika ni yako. Muhuri ni wako. Ukisema leo kwamba ni uongo, kesho hakuna kiwanda toka hapa hadi Pingtung kitakachokufungulia geti. Nenda nyumbani. Kunywa kitu, lala. Malori yanaondoka.”

Marehemu alitoka nje. Wafanyakazi walidhani anakwenda zake. Akaenda mpaka katikati ya geti, mbele ya lori la kwanza, akakaa chini kwenye maji ya mvua.

Mtu huyu, ambaye hakuweza kukaa kwenye harusi yake mwenyewe, alikaa pale muda wa saa tatu na dakika kumi. Dereva alipiga honi mpaka betri ikalalamika. Hakunyanyuka. Walinzi wawili walimbeba wakamweka pembeni. Wakageuka, yuko pale pale kakaa. Kuna wanaosema maji yaliyomzunguka yalianza kutoa mvuke. A-kiok alikuja na koti la mvua na kumkuta hivyo, na akasimama pembeni akipiga kelele:

“Miaka tisa namwomba akae ale chakula kama binadamu, hakai! Kumbe alikuwa anangoja tope!”

Alimvalisha koti, akakaa naye.

Aliyelimaliza jambo ni mama yake Kang. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kuandaa meza ya wafu mbele ya geti la kiwanda kila mwezi wa saba, na makopo ya meza hiyo aliyachukua kwa mkono wake mwenyewe toka kwenye shehena ya siku ile, kwa sababu hakutaka wafu wapewe mabaki. Ibada ikiisha, huyagawa kwa wafanyakazi na moja hula yeye kwa uji. Hakuwa amesikia ugomvi. Masikio yalikuwa yamekwisha. Alifika na mwavuli na kikapu, akawapita wale wawili waliokaa matopeni kama vile ni mawe, akaenda kwenye lori la kwanza, akanyoosha mkono akachukua kopo.

“Mama, usichukue hilo!” Kang alipiga kelele.

Kila mtu alisikia. Hata bibi alisikia.

“Kwa nini?” aliuliza.

Kang alitazama kopo mkononi mwa mama yake, akatazama wafanyakazi, akatazama wale wawili getini. Kisha akamwambia dereva azime gari.

Makopo yote ya siku hiyo yalitobolewa na kuzikwa, na meza nyingi za wafu mwaka ule zilikosa mnara. Hakuna aliyekula, hakuna aliyekufa. Siku tatu zilizofuata marehemu alirudi kwenye vile viwanda vinne, akagonga, akasema kwa mdomo wake, “Nilikosea, naomba nirekebishe.” Wawili walimshukuru. Mmoja alimfukuza na fagio. Wa nne alimfukuza kwanza kisha akamwita arudi. Katika viwanda sitini na viwili alibakiwa na kumi na tisa, na miaka minne familia ilikula uji wa mwatiko wa kwa mama mkwe. Lakini toka mwaka huo hakuna chupa ya barafu aliyoifungua bila kuilamba kwanza, na kila kijana aliyemfundisha kazi alilazimishwa kulamba pia. Mpaka leo ukipita viwanda vya Kaohsiung ukaona mtu mzima mwenye helmeti analamba barafu kwa uso wa ibada, jua huyo ni wa shule ya Lu.

Kang hakumfungulia geti tena. Si kwa hasara; hasara alikuja kuipata nyingine kubwa zaidi na akasahau. Ilikuwa kwa ile sauti iliyomtoka mbele ya watu. Alileta fundi mwingine, kipimo cha pipa la tatu kikawekwa sawa, lakini stika ya marehemu alikataza isibanduliwe. Akaifunika kwa kioo kidogo. Kila fundi mpya aliyefika alionyeshwa: “Tazama. Tarehe 24 Agosti 1982. Lu Tsui-guan. Hivi ndivyo uongo unavyofanana.”

Habari hiyo ilimfikia marehemu, na ikamwingia mwilini kama mwiba. Hakubishana kwamba ni uongo. Alichotaka ni kuubandua mwenyewe, apime pipa lile upya kwa barafu safi, akae dakika zake ishirini, apachike ya kweli. Kila mwaka, siku hiyo hiyo, alikwenda na sanduku lake mpaka getini na kumwambia mlinzi, “Mwambie Kaka Kang nimekuja kwa pipa la tatu.” Kila mwaka mlinzi alirudi na jibu moja. Mlinzi wa kwanza alistaafu, wa pili akafa, wa tatu akaanza kumwita baba. Alistaafu kazi mwaka 2013, akamwachia Wen-pin. Safari ya getini hakumwachia. Wen-pin alijaribu kumzuia.

“Baba, lile pipa linafanya kazi vizuri. Mimi mwenyewe nimeuliza.”

“Pipa ndiyo. Stika je?”

“Ni karatasi tu.”

“Basi muhuri wako ni karatasi tu,” marehemu alimwambia.

Ugonjwa ulianza Machi 2023 kwa kikohozi ambacho aliita vumbi. Ilikuwa saratani ya mapafu, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Alilazwa mara tatu. Wauguzi wa wodi ile wana haki ya kupewa nishani. Kila walipompima homa aliuliza chombo kile kilisawazishwa lini, na nani, na cheti kiko wapi, na muuguzi mmoja mcheshi hatimaye alimletea cheti kweli, akakisoma mbele na nyuma, akasema, “Kimepitwa na siku kumi na moja.” Kilikuwa kimepitwa. Walibadilisha vyombo vya wodi nzima. Kitandani hakukaa, aliinuka, akavaa slipa, akatembea na chuma cha kutundikia dripu mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, mpaka miguu ilipokataa. Miguu ilipokataa, mikono ndiyo iliyotembea juu ya shuka. Agosti 24 hakwenda getini, kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini, na siku hiyo hakula.

Alifariki Jumamosi tarehe 11 Novemba 2023, saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Ameacha mjane, Khoo Tsiu-kiok. Binti, Shu-ping, na mumewe Tseng Yao-jen. Mwana, Wen-pin, na mkewe Fang Li-chun. Wajukuu Yu-chieh, Po-han na Hsin-lei. Dada yake wa pekee aliyebaki, Lu Iong, wa Linyuan. Na mafundi ishirini na watatu aliowafundisha, ambao wengi wamesimama huko nyuma kwa sababu viti havikutosha. Apumzike, basi. Aliyempa miguu ile ampe sasa na mahali pa kuikunja.

Wasifu ungeishia hapo, kama ungekuwa wa mtu mwingine. Lakini marehemu hakuwa akiishia pa kuishia, na mambo ya Alhamisi, siku mbili kabla, hayajasemwa.

Asubuhi ile A-kiok alitoka kwenda ukumbini kuchukua maji ya moto, akakaa huko muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Hajui kusoma, lakini namba ya kiwanda cha Kang, ambacho toka hospitali si mbali, anaijua kwa kichwa toka mwaka 1982. Alikuwa akiipiga kumtukana, zamani zile, na kukata simu. Safari hii hakukata. Alimwambia Kang mwenyewe, aliyepokea, kwamba Lu Tsui-guan amekataa kufa. Kwamba madaktari watatu toka mji mkuu wamekuja kutazama maajabu: moyo umesimama toka Jumatatu, mtu bado anadai aende kwenye pipa la tatu. Kwamba kitanda kimeanza kusogea chenyewe kuelekea upande wa kiwanda, na hospitali imeomba familia ilipie magurudumu. Kisha akachota maji yake, akarudi wodini na uso wa mtu aliyetoka kusali.

Marehemu alikuwa macho. Alimtazama.

“Ulikuwa wapi?”

“Maji.”

“Maji yako nyuzi ngapi?”

“Yako kwenye chupa. Lala.”

“Umempigia simu.”

“Nani?”

“A-kiok. Miaka hamsini nakujua. Ukidanganya unanyoosha shuka. Umempigia Kang.”

“Mimi nimpigie yule mzee mwenye roho ya kopo? Kwa lipi?”

“Unamwambia nimelala hapa naomba huruma. Sitaki huruma. Nikiingia kule naingia na miguu yangu, na sanduku langu.”

“Miguu ipi? Nionyeshe. Hii? Hii kama vijiti vya kulia tambi?”

“Usimlete hapa.”

“Silei mtu, sileti mtu. Na hata ningemleta, ungefanya nini, ungekimbia?”

“Ningemwambia aondoke.”

“Ungemwambia, ‘Kaka Kang, nimekuja kwa pipa la tatu.’ Ndiyo ungemwambia. Kila Agosti nakusikia ukifanya mazoezi bafuni. Umri huu, mwanamume mzima, unaongea na sabuni. Ungemwambia vile vile, na yeye angekwambia vile vile, halafu mngekaa hapa wazee wawili mnanuniana kama wake wenza, na mimi ndiye ningewapikia, na kama Kang mwenyewe anadhani mimi—”

Pazia la kitanda likavutwa. Alisimama Kang Ban-lai, miaka themanini, anahema, fimbo mkono mmoja, na kichwani bado amevaa ile kofia nyeupe ya kitambaa ambayo hakuna anayeruhusiwa kuingia chumba cha mapipa bila kuivaa. Katika mkono wa pili alishika nyingine, mpya, bado imekunjwa ndani ya nailoni yake.

A-kiok akaacha neno lake pale pale lilipofika, akasogeza kiti.